"Inawaka" si jibu: pima redio kol ya mtumba kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu redio kol za mtumba, hasa hizi za masafa mafupi (HF) na za VHF (masafa ya juu zaidi) zinazotafutwa na vijana wanaoingia kwenye redio za ridhaa, yaani mawasiliano ya redio ya kujifunza na kujifurahisha, si ya biashara. Simu za mkononi zilipofika vijijini, simu za upepo zilizokuwa misheni, mashambani na kwenye miradi zilibaki makabatini. Sasa zinatoka moja moja. Utaikuta moja Mwanjelwa hapa Mbeya kati ya spika na amplifaya, nyingine Iringa mjini kwa fundi wa TV, nyingine imeletwa na msafiri aliyepita mpaka wa Tunduma au Kasumulu. Muuzaji anaichomeka, namba zinajitokeza kwenye kioo, spika inakoroma, anakwambia, "Si unaona bosi, inawaka." Fedha zinatoka.

Redio ya wati 100 ikiwa inapokea tu hula ampea 1 hadi 2. Ikituma kwa nguvu zake zote hula karibu ampea 20. Kwa hiyo anayekuonyesha kioo kinachong'aa amekuonyesha sehemu moja au mbili kati ya ishirini za kazi ya mashine hiyo, na kwa bahati mbaya amekuonyesha sehemu ambayo haiharibiki sana. Kinachokufa ni transista za mwisho za kutuma, rilei za antena, na dayodi ndogo za mlango wa kupokelea. Vyote hivyo vinaweza kuwa vimekufa na kioo kikaendelea kung'aa.

Kabla ya vipimo, neno moja la sheria. Kutuma mawimbi bila leseni ni kosa, na leseni hutolewa na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), wenye ofisi ya kanda hapa Mbeya. Kama huna bado alama yako ya wito inayoanza na 5H, usibonyeze kitufe cha kusemea dukani. Nenda na mwenye leseni, abonyeze yeye. Hata huyo atumie dami, si antena.

Dami, au dami lodi, ni mzigo wa omu 50 unaokaa mahali pa antena na kugeuza nguvu yote ya redio kuwa joto. Asiyekuwa nayo hapimi, anabahatisha. Kutuma bila antena wala dami ndiyo njia ya haraka ya kuua transista za mwisho, na wauzaji wengi wamefanya hivyo bila kujua, wakibonyeza maiki ili kumwonyesha mteja taa nyekundu. Dami ya HF unaweza kujitengenezea: rezista 20 za kilo-omu 1, za wati 3 kila moja, zikiunganishwa sambamba kati ya vipande viwili vya bati la shaba. Omu 1,000 ukigawa kwa 20 ni 50. Jumla yake ni wati 60 za mfululizo, na itastahimili wati 100 kwa sekunde 10 ukiipumzisha dakika nzima. Ukiitumbukiza kwenye mafuta ya maji ya mtoto, yale ya parafini, ndani ya kopo la bati lenye tundu la kutolea hewa, itavumilia zaidi. Mafuta yaliyotolewa kwenye transfoma za zamani usiyaguse, baadhi yana PCB, ambayo ni sumu.

Hapa kuna kosa ambalo hurudiwa sana. Duka la spea likikosa rezista za filamu ya kaboni au za oksidi ya chuma, hukupa zile nyeupe za saruji. Ndani ya ile saruji kuna waya uliozungushwa kama springi. Testa itasoma omu 50 bila shaka yoyote, kwa sababu testa inapima kwa umeme wa betri. Redio kwenye megahezi 14 haioni omu 50, inaona koili, na mita ya SWR (inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kuingia kwenye mzigo) itapanda mpaka mnunuzi aamini redio ni mbovu. Kataa za saruji. Unapopima dami, gusanisha kwanza ncha mbili za testa, soma omu za waya wenyewe (testa nyingi za bei nafuu husoma karibu nusu omu), kisha toa namba hiyo kwenye jibu. Dami nzuri husoma kati ya 49 na 51. Na hii ya kujitengenezea ni ya HF tu. Kwa megahezi 144 urefu wa miguu ya rezista unaanza kuwa tatizo lenyewe, tafuta ya kiwandani.

Vingine vya kubeba: testa, globu mbili za taa ya mbele ya gari aina ya H4, waya wa mita 10 wa kupokelea, na nyaya zako mwenyewe za umeme zenye fyuzi. Nyaya za muuzaji usiziamini. Mara nyingi ni za milimita mraba 1.5, zile za taa za nyumbani. Zikiwa na urefu wa mita 2, kwenda na kurudi ni mita 4, na kwa ampea 20 zinapoteza karibu volti 1 njiani. Za milimita mraba 4 zinapoteza chini ya nusu volti. Redio nyingi za volti 13.8 zinataka zisipate chini ya volti 11.7. Ukianza na betri ya gari iliyochoka yenye 12.2, ukatoa volti moja ya waya, umeshafika chini ya mpaka: kioo kinazima kila ukibonyeza, rilei zinapiga kelele, sauti inatetemeka. Mnunuzi anasema redio mbovu, muuzaji anasema betri, na huenda ni muuzaji aliyesema kweli.

Fika redio ikiwa baridi. Hilo mwambie muuzaji kwenye simu, na ukifika weka kiganja kwenye hitisinki, lile bati la mapezi nyuma ya redio. Likiwa la moto, subiri, hata kama ni saa nzima. Redio yenye ufa kwenye lehemu au kristali iliyochoka mara nyingi hugoma ikiwa ya baridi na kukubali ikishapata joto, au kinyume chake, na muuzaji mjanja anajua ni saa ngapi aiwashe kabla hujafika. Asubuhi ya Juni au Julai ya Mbeya au Makambako inafaa sana kwa kipimo hiki. Redio ikishika masafa yake sawasawa katika dakika 20 za kwanza za baridi ile, huenda Kyela itashika pia.

Ikiwa bado haijawashwa, iangalie. Vichwa vya skrubu vilivyochunika, skrubu mbili hazipo, gundi ya lakiri iliyokatika: imefunguliwa, na huenda kuna aliyezungusha trima (skrubu ndogo za kurekebishia) za ndani ili "kuongeza nguvu". Nusa matundu ya hewa. Harufu ya kuungua haiishi haraka. Kutu ya kijani kwenye koneta ya antena ni kawaida kwa redio iliyokaa Tukuyu, ambako mvua hainyamazi, na kutu hiyo ukiiona nje, ndani ipo pia. Tikisa redio taratibu karibu na sikio. Kinachogonga ndani ni skrubu iliyodondoka, nayo ikiangukia mahali pabaya umeme ukiwashwa, basi. Kisha fyuzi: redio ya wati 100 hutumia fyuzi ya ampea 20 hadi 30 kulingana na modeli, redio ya gari ya VHF ya wati 50 hutumia 15. Ukikuta waya wa shaba au kipande cha msumari mahali pa fyuzi, jua kuna siku nyaya zilichomekwa kinyume. Redio nyingi zina dayodi kwenye mlango wa umeme ambayo kazi yake ni kupiga shoti ili fyuzi ikatike. Fyuzi ikiwa msumari, dayodi inaungua, kisha njia ya shaba kwenye bodi inaungua nayo.

Sasa pawa saplai, na hapa naomba msomaji awe mvumilivu, kwa sababu hapa ndipo redio nzima huuawa na kipimo chenyewe.

Usiunganishe redio kwenye pawa saplai ya muuzaji kabla hujaipima pawa saplai peke yake. Zile nzito za transfoma zina transista za kudhibiti volti, mara nyingi 2N3055 au jamaa zake. Moja ikipiga shoti, volti 20 na zaidi hupita moja kwa moja hadi kwenye redio. Pima bila mzigo: isome karibu 13.8. Kisha uibebeshe mzigo kwa zile globu za H4. Globu moja ina nyuzi mbili, ya wati 55 na ya wati 60. Ukiziwasha zote mbili umevuta ampea 9 hadi 10, ukiongeza globu ya pili ziko karibu 20. Ziwashe uzi mmoja mmoja, kwa maana uzi wa baridi huvuta umeme mara nyingi zaidi ya uzi wa moto na pawa saplai yenye kinga inaweza kujizima ukiziwasha kwa mkupuo. Ziweke juu ya tofali au kigae, zinaunguza meza. Pawa saplai nzima hushuka sehemu ndogo ya volti. Ikishuka hadi 12 au chini, au ikianza kuvuma na kunuka, hiyo si ya kuendeshea redio ya wati 100, hata kama kwenye kibandiko imeandikwa ampea 30.

Kama umeme umekatika na muuzaji anapendekeza betri ya lori lililoegeshwa nje, kataa. Malori yanayopita Tunduma hadi Dar es Salaam yana mfumo wa volti 24, na injini ikiwa inanguruma ni 27 hadi 28. Redio ya volti 13.8 haivumilii hiyo hata sekunde chache. Betri ya gari dogo au ya sola, N70 kwa mfano, inafaa, nayo ipime kwanza: 12.6 ikiwa imetulia ni nzima, 12.0 imeisha.

Redio zenye pawa saplai ndani, zinazochomekwa ukutani, zina mtego mwingine. Zile zilizouzwa Japani zimewekwa volti 100, za Marekani karibu 117. Ukuta wetu una 230. Volti zikizidi mara 2.3, joto kwenye mzigo ule ule linazidi mara tano na zaidi, na transfoma haikusubiri uchomoe. Tazama nyuma: kuna swichi au jedwali la kuchagulia volti, au kuna kibandiko chenye namba moja tu. Adapta ya plagi ya pini tatu haibadilishi volti. Inabadilisha umbo la plagi tu.

Ukiridhika na umeme, unganisha redio kwa mara ya kwanza kupitia globu moja ya H4, uzi mmoja, ukiwa umefuatana na waya mwekundu, yaani umeme upite kwenye globu ndipo ufike kwenye redio. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kimeokoa redio nyingi. Kama ndani kuna shoti, globu inawaka kama ya gari usiku na redio haipati madhara mapya, kwa sababu haiwezi kupita zaidi ya ampea 5. Kama redio ni nzima, itawaka ikipokea, na globu itabaki giza au nyekundu kidogo, ikiwa imekula kama volti moja. Ukishaona hivyo, zima, ondoa globu, unganisha moja kwa moja na fyuzi yake. Kutuma ukiwa na globu hakuwezekani, usijaribu.

Kupokea. Toa antena, ongeza sauti, sikiliza mvumo kwenye megahezi 7. Chomeka ule waya wa mita 10 uliourusha juu ya mti au kenchi. Mvumo unapaswa kupanda waziwazi. Usipopanda, mlango wa kupokelea umekufa. Nyanda za Juu Kusini hizi, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ni nyingi, na redio iliyoachwa kwenye antena msimu mmoja huweza kuwa kiziwi bila dalili nyingine yoyote. Rudia kwenye kila bendi (kila kipande cha masafa cha redio), si moja. Ndani ya redio kila bendi ina kichujio chake na dayodi au rilei yake, kwa hiyo 7 inaweza kuwa hai na 21 ikawa kaburi. Muuzaji anayekuonyesha bendi moja tu huenda hajui. Huenda anajua.

Kwa kipimo cha maana zaidi kuna bikoni za kimataifa, vituo 18 vinavyopokezana kwenye 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200 MHz. Kila kimoja hupewa sekunde 10, mzunguko mzima ni dakika 3, na mizunguko huanza kila saa kamili. Weka redio kwenye CW (hali ya Morse), 14.100, mchana. Dakika 1 na sekunde 40 tangu mzunguko uanze inaingia ZS6DN ya Afrika Kusini, sekunde 10 baadaye 5Z4B ya Kenya. Kila kituo hutuma alama yake ya wito kwa Morse pamoja na mstari mrefu wa kwanza kwa wati 100, kisha mistari mingine mitatu kwa wati 10, wati 1 na wati 0.1. Hesabu unasikia mistari mingapi. Huna haja ya kujua Morse. Ukiwa na redio nyingine unayoijua ni nzima, badilishana waya ule ule dakika hiyo hiyo: redio nzima ikisikia mistari mitatu na ya mtumba ikasikia mmoja, tofauti yake unaijua kwa namba, kwa maana kila mstari ni pungufu mara kumi. Bikoni moja moja huzimwa kwa matengenezo, usihukumu kwa kituo kimoja.

Zungusha nobu kuu polepole. Masafa yakiruka au kurudi nyuma, enkoda (kifaa kinachosoma mzunguko wa nobu) imechoka, spea yake hupatikana kwa shida. Nobu za sauti zikikwaruza ni vumbi tu, zitasafishwa kwa dawa ya koneta. Tumia kasoro hiyo kupunguza bei ukipenda.

Kutuma sasa, kwenye dami, na mwenye leseni ndiye anayebonyeza. Anza na nguvu ndogo, wati 10, kwa FM au CW. Kama huna mita ya nguvu, testa yako inatosha: kutoka katikati ya dami unganisha dayodi 1N4148, upande wake wenye mstari uende kwenye kapasita yenye alama 103 inayoshuka hadi kwenye bati la dami, na testa ya DC upime juu ya kapasita hiyo. Volti unayosoma izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 100, ndizo wati. Wati 5 zinasoma karibu volti 22, wati 10 karibu 31. Usipite wati 10 kwa dayodi hii, itapasuka na wewe utadhani ni redio iliyozimika. Kwa wati 100 azima mita ya SWR yenye kipimo cha nguvu.

Panda hadi nguvu kamili, sekunde 10, pumzisha. Tazama ampea na wati pamoja, na uandike kila bendi, kwa sababu jibu liko kwenye mpangilio wa namba zile. Bendi moja ikiwa na wati 20 na nyingine zote 100, tatizo ni kichujio au rilei ya bendi hiyo. Linatengenezeka kwa bei ya kawaida. Bendi zote zikiwa dhaifu sawasawa, na ampea nazo zimepungua, mara nyingi ni transista za mwisho. Hufanya kazi zikiwa jozi, kwa kupokezana, moja ikifa nguvu hubaki nusu au chini ya hapo, na haifai kubadilisha moja bila mwenzake. Ampea zikiwa nyingi na wati chache, nguvu inageuka joto ndani. Achia kitufe haraka. Na wati zikizidi sana kile kilichoandikwa na kiwanda, usifurahi: mtu amezungusha trima, sauti yake itakuwa imepasuka na itawachafulia majirani wa masafa.

Feni isikike. Weka redio ya pili inayopokea SSB (namna ya kutuma sauti kwenye HF) upande wa pili wa chumba, bila antena, umsikilize mwenzako anayehesabu moja hadi kumi. Mvumo wa umeme wa ukutani, sauti inayoyumba na neno linalokatika mwanzoni utavisikia hapo, mita haivionyeshi.

Redio za valvu, kwa mfano Kenwood TS-520 au Yaesu FT-101, zinapatikana bado na ni nzuri kujifunzia, lakini sishauri mtu azifungue dukani. Ndani kuna volti mia kadhaa, hadi 800 na zaidi kwenye baadhi ya modeli, na kapasita zake huhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Testa ya njano ya sokoni na nyaya zake nyembamba si ya kupimia volti hizo. Fundi atakayeifungua achomoe, asubiri, kisha atoe chaji kwa rezista mbili za kilo-omu 22 za wati 10 zilizofuatana, zimefungwa kwenye fimbo ya plastiki, ahesabu hadi thelathini, ndipo apime kama kweli ni sifuri. Bisibisi inayotoa cheche si njia, inayeyusha ncha na kuua kapasita. Mnunuzi anachoweza kufanya ni kuiwasha kupitia globu ya nyuzi ya wati 100 iliyofuatana na waya wa ukutani. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa chaji na hali ni ya kawaida. Ikibaki inang'aa kabisa, kuna shoti. Globu za LED hazifai kwa hili, tafuta ya zamani. Na ieleweke: globu hiyo inalinda redio, haimlindi mtu asipigwe na umeme.

Kuna kasoro za modeli ambazo ni vizuri kuzijua kabla ya safari. Kenwood TS-440S ikionyesha nukta mahali pa namba za masafa, saketi yake ya kutengenezea masafa imepoteza mshiko, mara nyingi kwa sababu ya gundi ya kiwandani iliyozeeka kuzunguka koili. Yaesu FT-857 na FT-897 za awali zinajulikana kwa kioo kupata mistari kama ya pundamilia. ICOM IC-751 ina betri ya lithiamu inayotunza kumbukumbu ambayo redio inaitegemea ili ifanye kazi. Ikiisha, redio nzima haijui ifanye nini. Usimruhusu fundi aitoe betri ile kwa ajili ya "kuangalia tu".

Redio ndogo za mkononi sina mengi. Betri iliyovimba ni ya kukataa. Pakiti ya volti 7.4 ikijaa ni 8.4, ikisoma 7 baada ya kuchajiwa usiku kucha, imekwisha. Kwa redio za malori za megahezi 27, hizo ni CB, kati ya 26.965 na 27.405, hata muuzaji akiapa kwamba ni za ridhaa. Codan na Barrett za Australia ni redio imara kuliko nyingi, ila nyingi zimefungwa kwenye chaneli zilizopangwa na mwenye mali wa kwanza, na kuzipanga upya kunahitaji programu na kebo yake. Uliza kama vinauzwa pamoja. Kama havipo, unanunua kifaa cha kupokelea chaneli za shirika ambalo limeshaondoka.

Mwisho ni serial namba, yaani namba ya utambulisho, nyuma ya redio. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka, hata kama vipimo vyote vimepita. Ikiwepo, iandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na modeli, tarehe, bei, na kwa redio iliyotoka taasisi, barua ya kuiondoa kwenye mali zao. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji agonge muhuri. Kwenye karatasi hiyo hiyo andika wati ulizosoma kwa kila bendi, muuzaji asaini chini ya namba hizo. Na kama wenye maduka Mwanjelwa au Iringa watasoma barua hii: rezista 20, kopo la mafuta na globu mbili za H4 zikiwa nyuma ya kaunta, mteja atapima mbele yako, na hatarudi Jumatatu na redio mkononi.

Wako,
Fundi redio,
Mbeya